VPN ya kazi inakwama: dalili, visababishi na la kufanya ukiwa Uganda

"Kaka, VPN imeharibika tena." Simu ya namna hii naipokea karibu kila wiki kutoka Ntinda, Najjera, Kyaliwajjala, na siku hizi hata Jinja na Mbarara, kwa watu wanaofanyia kazi ofisi zilizo Nairobi, Uingereza au Marekani. Nikifika, mara nyingi VPN yenyewe, ile njia ya siri inayoiunganisha kompyuta yako na mtandao wa ofisi, ni nzima. Kinachoumwa ni ruta iliyojaa foleni, Wi-Fi inayopenya kuta tatu za matofali, au simu ya mtoto inayopakua mchezo chumbani. Wakati huo mwenye kazi ameshanunua bando kubwa mara mbili na ameshabadilisha laini, na bosi wake ameanza kuuliza kama kweli kazi ya mbali anaiweza. Hilo huniuma, kwa sababu kosa lenyewe huwa linaonekana ndani ya dakika kumi za kupima.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Tafuta yako, lakini usiruke sehemu ya kupima, maana bila vipimo utakuwa unabahatisha kwa hela yako mwenyewe.

Kwanza pima mahali patatu

Kile kipimo cha megabiti ambacho kila mtu anakikimbilia kinaonyesha data nyingi kiasi gani inapita kwa sekunde. Mkutano wa video au kompyuta ya ofisi unayoiendesha ukiwa mbali inajali zaidi muda wa pakiti moja, yaani kipande kidogo cha data, kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Unaweza kuwa na megabiti 30 na bado sauti yako ikafika vipande vipande.

Zima VPN. Kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika `ipconfig`, utafute mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1, na kwa mifi nyingi, zile ruta ndogo za laini ya simu, ni 192.168.8.1. Kisha andika amri hizi za ping, zinazopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, moja baada ya nyingine; ya kwanza inaenda kwenye ruta yako (weka anwani uliyoipata), ya pili kwenye seva ya Google iliyo nje:

`ping -n 50 192.168.1.1`
`ping -n 50 8.8.8.8`

Sasa washa VPN, upime anwani ya ndani ya ofisi ambayo watu wa IT wamekupa. Kwenye Mac na Linux weka `-c` badala ya `-n`. Usipime zile mbili za kwanza VPN ikiwa imewashwa, kwa sababu ofisi nyingi hupitisha kila kitu kwao, na utakuwa unapima safari ya London ukidhani unapima Kampala.

Kipimo cha kwanza kikae chini ya milisekunde 10 bila pakiti kupotea. Kikirukaruka hadi 80 au 200, tatizo liko ndani ya nyumba yako, hata usimpigie mtoa huduma. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibaya, ama foleni imejaa kwenye ruta ama mtoa huduma amezidiwa. Viwili vya kwanza vikiwa vizuri na cha tatu kibaya, angalia VPN, ofisi, au umbali.

Umbali una hesabu yake. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za kebo zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Nchi yetu haina bahari. Data ikitoka Kampala inapita Jinja na Tororo, inavuka mpaka Malaba au Busia, inafika Nairobi, inateremka Mombasa, na hapo ndipo inaingia kwenye kebo za baharini kama SEACOM, TEAMS na EASSy. Njia nyingine inashuka kusini kupitia Mutukula hadi Dar es Salaam. Kwa seva iliyo Nairobi mimi huona kati ya 15 na 30. Kwa London, 150 hadi 200 ni afya njema. Ukipata 165 kwenda London, hakuna fundi atakayeishusha hadi 40, na yeyote anayekuahidi hivyo akilipwa, mkatae.

Wala hiyo 165 haiui mkutano. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linataka sauti ichukue si zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Nusu ya 165 haifiki hata 85. Ndiyo maana mtu akiniambia sauti inakatika "kwa sababu London ni mbali", naendelea kutafuta.

Dalili ya 1: Sauti inakatika na picha inaganda, ingawa kipimo cha kasi ni kizuri

Hii ndiyo malalamiko makubwa kuliko yote, na kisababishi chake cha kawaida ni foleni ya kupandisha data ndani ya ruta au mifi yako.

Mwezi mmoja wa mvua niliitwa na dada mmoja wa Najjera anayefanya hesabu za kampuni ya Uingereza. Kila siku ya Jumatatu saa sita mchana, mkutano ukianza, anageuka roboti. Nilikaa mezani kwake na laptopu yangu. Ruta: milisekunde 4, safi. Nje: 38, safi. Nikaiacha ping iendelee huku tukiongea. Baada ya muda namba zikaanza kupanda: 38, 41, 310, 900, 1,460, 2,140. Simu yake ilikuwa imelala kando ya kikombe cha chai, skrini imezima. Jumamosi alikuwa kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya mdogo wake, akapiga picha na video mamia, na simu ilikuwa inasubiri kuona Wi-Fi na chaja ili izipandishe zote kwenye wingu. Kila Jumatatu ilikuwa na harusi yake, kwanjula yake au ubatizo wake. Tulipozima upandishaji, ping ikarudi 40 kabla sijamaliza kusema sentensi.

Ruta ina ghala dogo la kushikilia pakiti zinazosubiri kutoka. Chukua ghala la kilobaiti 512 na laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde. Likijaa, pakiti ya sauti yako inayofika mwisho wa foleni inasubiri sekunde 2 nzima kabla haijatoka nyumbani. Kipimo cha kasi kinapita vizuri, kwa sababu data inatoka kweli, kwa wingi. Tatizo ni kwamba sauti imepangwa nyuma ya picha za kwanjula, kama boda yenye mgonjwa iliyokwama nyuma ya malori Jinja Road.

Anza na yaliyo rahisi. Acha `ping -t 8.8.8.8` ikiendelea, VPN ikiwa imezimwa, halafu zima kimoja kimoja: upandishaji wa picha kwenye simu zote za nyumba, OneDrive au Google Drive kwenye laptopu, masasisho ya Windows, kamera ya ulinzi inayopeleka picha nje, runinga. Angalia namba baada ya kila kimoja. Zikishuka ghafla, umempata mhalifu. Kwenye Windows ingia mipangilio ya mtandao, uwashe Metered connection kwa Wi-Fi hiyo, ili masasisho mengi yasubiri. Ni kitufe kimoja, na kwa mtu wa bando kinaokoa hela pia.

Kisababishi cha pili kwa wingi ni Wi-Fi, na hicho utakiona kwenye kipimo cha ruta. Andika `netsh wlan show interfaces`, utazame Signal na Channel. Ishara ikiwa chini ya asilimia 50, sogea au sogeza ruta. Kwenye majengo ya vyumba vya kupanga, kila mpangaji ana ruta yake na zote zinapiga kelele kwenye 2.4 GHz, ambako chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu. Hamia 5 GHz kama ruta inayo. Haifiki mbali, lakini majirani zako nao hawafiki kwako. Dawa kamili ni waya. Kebo ya mtandao ya mita 10 kutoka kwenye ruta hadi mezani imewatibu wateja wangu wengi kuliko kifaa chochote cha bei.

Cha tatu ni VPN mbili kwenye mashine moja, na hiki ni cha kwetu hasa. Tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, na zaidi tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu wengi wana VPN ya bure kwenye simu na kwenye laptopu. Programu hizo zinajiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka. Basi VPN ya ofisi inapita ndani ya VPN ya bure: data inaenda kwanza kwenye seva iliyojaa watu, labda Singapore, ndipo irudi kutafuta ofisi yako London. Angalia kona ya chini ya skrini. Ukiona alama mbili za VPN, itoe ile ya bure kabisa kwenye mashine ya kazi. Si kwa ajili ya kasi pekee. Hujui nani anaendesha seva hiyo, na mafaili ya mwajiri wako yako kwenye mashine hiyo hiyo.

Kama bado, sasa ndipo unagusa ruta. Ruta nzuri kidogo ina sehemu inayoitwa SQM au Smart Queue, inayotumia mbinu za fq_codel au CAKE kuhakikisha mtiririko mdogo kama sauti haukwami nyuma ya mkubwa. Weka kikomo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi unayopata kweli, kupandisha na kupakua. Utapoteza megabiti chache na kupata mkutano unaosikika. Kwenye laini ya simu, ambako kasi inapanda na kushuka saa yote, weka chini zaidi, karibu na kasi ya wakati mbaya wa mchana.

Kuna ombi moja zaidi la kupeleka ofisini: mikutano ya video isipite ndani ya VPN. Kiufundi ni kutenganisha njia, yaani trafiki ya ofisi iingie VPN na ya video iende moja kwa moja. Bila hivyo, video ya mwenzako aliye Kampala inaenda London na kurudi Kampala. Usijaribu kulifanya hili mwenyewe kwenye laptopu ya kampuni. Ni uamuzi wa usalama wao, na nimeona mtu akifungiwa akaunti kwa kuhariri jedwali la njia kimyakimya.

Dalili ya 2: VPN inaunganika, ping inapita, lakini kurasa fulani au faili kubwa zinaganda

Barua pepe fupi inatoka. Yenye kiambatisho inakaa tu. Ukurasa wa kuingia unafunguka, ukibonyeza ndani, mduara unazunguka hadi uchoke. Ukiona mchanganyiko huu wa vidogo kupita na vikubwa kugoma, fikiria MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa njiani. Watu hufuta na kuweka upya VPN mara tano bila kuifikiria.

Kwenye mtandao wa kawaida pakiti ni baiti 1,500. VPN inaifunga kila pakiti ndani ya bahasha yake: WireGuard, moja ya aina za VPN, inaongeza baiti 60 kwenye anwani za mtindo wa zamani (IPv4) na 80 kwenye za mtindo mpya (IPv6), nyingine zaidi. Mtoa huduma naye, hasa kwenye laini za simu, anaweza kuwa na bahasha yake chini ya hiyo. Bahasha ikizidi mlango, pakiti inapaswa kurudishiwa ujumbe wa "punguza". Vifaa vingi njiani vinauzuia ujumbe huo, basi pakiti inapotea na hakuna anayejua.

Pima VPN ikiwa imezimwa:

`ping -f -l 1472 8.8.8.8`

Hapo 1472 na baiti 28 za vichwa vinafanya 1,500. Ikikwambia pakiti inahitaji kugawanywa, au isipojibu kabisa, shuka: 1452, 1432, 1412, 1392, mpaka ijibu. Chukua namba iliyojibu, jumlisha 28, na hiyo ndiyo MTU ya njia yako. Kwa Linux amri ni `ping -M do -s 1472`, kwa Mac `ping -D -s 1472`.

Toa bahasha ya VPN kwenye namba hiyo. Njia ikiwa 1,440 na unatumia WireGuard, 1,440 ukitoa 80 ni 1,360; andika `MTU = 1360` kwenye faili la mipangilio. Kwa OpenVPN kazi hiyo hufanywa na `mssfix 1300`. Kwa VPN ya Windows yenyewe:

`netsh interface ipv4 set subinterface "Jina la VPN" mtu=1350 store=persistent`

Andika namba ya zamani kwenye karatasi kabla hujabadilisha. Kama mashine ni ya kampuni na huna haki ya kubadilisha, wapelekee IT ile namba uliyoipata. Mtu wa IT akipokea barua inayosema "njia yangu inapitisha 1,440 tu, tafadhali punguzeni MTU", anaweza kumaliza kazi kwa dakika. Akipokea "VPN haifanyi kazi", atakuuliza kama umezima na kuwasha.

Kama umeshusha hadi 1,280 na bado yanaganda, acha. Siyo MTU tena, na kuendelea kushusha kunapunguza kasi bure. Inawezekana ni DNS, mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani: VPN imekupa seva ya majina ambayo haijibu. Jaribu `nslookup` ikifuatwa na jina la tovuti, ukiwa ndani ya VPN. Jibu likichelewa sekunde kadhaa, wape IT taarifa.

Dalili ya 3: Mafaili ya ofisi yanafunguka polepole saa zote, hata usiku wa manane

Ikiwa polepole ni ile ile saa nane usiku kama saa nane mchana, hakuna msongamano hapo. Ni umbali, na namna mafaili yanavyofunguliwa.

Folda ya pamoja ya Windows ina maneno mengi. Kufungua lahajedwali moja kunaweza kuhitaji maswali na majibu mamia kati ya laptopu na seva. Maswali 300, kila moja milisekunde 200, ni dakika nzima. Bando la megabiti 100 halitapunguza hata sekunde moja, kwa kuwa muda unaliwa na safari na siyo upana wa njia. Mhasibu huyo huyo wa Najjera alikuwa anafungua faili la megabaiti 8 moja kwa moja kutoka seva. Nikamwonyesha kulinakili kwenye laptopu kwanza, alifanyie kazi hapo, alirudishe jioni. Ikiwa mnalihariri watu wawili, njia hii itawagonganisha, basi ombeni ofisi iwape mashine ya mbali iliyo jirani na seva, muiendeshe kwa skrini tu. Hapo kinachosafiri ni picha ya skrini na vibonyezo vyako.

Angalia pia kama VPN inapita kwenye TCP, namna ya kutuma inayosubiri uthibitisho na kurudia kilichopotea, tofauti na UDP inayotuma bila kusubiri. OpenVPN inaweza kutumia UDP, kwa kawaida poti (namba ya mlango) 1194, au TCP, mara nyingi poti 443. TCP ndani ya TCP ni balaa kwenye laini inayopoteza pakiti: pakiti moja ikipotea, tabaka zote mbili zinaituma upya na kusubiriana. Na upotevu mdogo unauma kuliko watu wanavyodhani. Kwa safari ya milisekunde 200, upotevu wa asilimia 1 tu unaweza kuishusha TCP ya kawaida chini ya megabiti 1 kwa sekunde, hata laini yako iwe ya megabiti 50. Kama ofisi inakuruhusu kuchagua, chagua UDP.

Dalili ya 4: VPN inakatika kila baada ya dakika chache

Tazama saa. Inakatika ukiwa umetulia bila kugusa kitu, au katikati ya kazi?

Ukiwa umetulia: kwenye laini za simu, wateja wengi wanagawana anwani moja ya nje, na mtandao unasahau mazungumzo ya UDP yaliyokaa kimya, wakati mwingine ndani ya sekunde 30. Dawa ni VPN kupiga hodi mara kwa mara. WireGuard ni `PersistentKeepalive = 25`, OpenVPN ni `keepalive 10 60`. Utajua uko nyuma ya anwani ya kugawana kama ruta inaonyesha anwani ya nje inayoanza na 100.64 hadi 100.127, au 10.

Katikati ya kazi: kwa mifi, kisababishi cha kwanza ni kuruka kati ya 4G na 3G, au kati ya minara miwili. Ingia kwenye ukurasa wa mifi, uifunge kwenye 4G peke yake, uiweke dirishani upande wa mnara, mbali na mabati. Kisha angalia kama Windows inazima kadi ya Wi-Fi kuokoa betri, na kama mwenzako wa ofisi anatumia akaunti yako. VPN nyingi zikiona kuingia kwa pili zinamtoa wa kwanza.

Halafu kuna umeme. Unaweza usione taa ikicheza, lakini ruta imeona. Ukienda kwenye ukurasa wa ruta ukakuta imewaka tangu dakika 20 zilizopita, jibu umelipata. Betri ndogo ya ruta, ya volti 12, inatosha, mradi uoanishe volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta. Hapa simama ukiona chaja inanuka, plagi imeungua, au soketi ina joto. Chomoa kama ni salama kufanya hivyo, zima swichi kuu, uite fundi umeme mwenye leseni. Usiunganishe ruta kwenye inveta ya nyumba kwa waya wa kubahatisha.

Dalili ya 5: Asubuhi nzuri, kuanzia saa mbili usiku haifai

Hapo ndipo msongamano wa kweli ulipo. Mtaa mzima umerudi nyumbani, na mnara mmoja unagawia wote. Ping ya ruta nzuri, ping ya nje inapanda kila jioni saa zile zile, hata ukiwa umezima kila kifaa. Hili huwezi kulitibu ndani ya nyumba, na wanaofanyia Marekani ndio wanaoumia zaidi, kwani asubuhi ya New York ni jioni yetu.

Andika vipimo siku tatu: saa tatu asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Kisha azima laini ya mtandao mwingine kwa jioni moja, upime hapo hapo kwenye kiti chako, kwa sababu mnara wa kampuni nyingine unaweza kuwa mtupu. Ikiwa faiba inafika mtaani kwako na kazi yako inategemea jioni, hapo ndipo pesa inapofaa kwenda. Kabla ya hapo, zima video ubaki na sauti. Sauti ya mkutano inahitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, wakati video ya watu wawili ya ubora wa 720 inataka megabiti 1.2 kila upande, kama gigabaiti 1 kwa saa. Na kazi nzito, kama kupandisha nakala za hifadhi, ihamishie alfajiri.

Dalili ya 6: Haiunganiki kabisa

Angalia kama bando limeisha, kisha tarehe na saa ya kompyuta, maana saa ikikosea VPN inakataa vyeti vya kidijiti vinavyothibitisha seva. Jaribu hotspoti ya laini nyingine. Ikiunganika huko na nyumbani isiunganike, huenda poti ya VPN imezuiwa njiani. IPsec, aina nyingine ya VPN, inahitaji UDP 500 na 4500, WireGuard kwa kawaida 51820. Waambie IT poti na mtandao unaotumia, wao ndio wa kukupa njia mbadala iliyoidhinishwa. Usipakue VPN ya bure ili kuipitisha ya ofisi ndani yake.

Wakati mwingine ni nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini, na Uganda, Kenya na Tanzania zote zikalemaa. Siku kama hiyo usiguse mipangilio yako. Ukiibadilisha leo, kesho kebo ikirudi utakuwa na matatizo mawili.

Kwa faiba, tazama kisanduku cha ukutani. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako. Simama hapo. Usiifungue ile kebo nyembamba, usiikunje, na usichungulie ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani ila unaweza kuumiza jicho. Kama mnatumia sahani ya paa, usipande paani mvua ikinukia. Maeneo ya ziwa yetu yana radi nyingi mno, na mlingoti wa chuma juu ya mabati si mahali pa kujifunzia kazi. Mwite fundi wa mtoa huduma aje na vifaa vyake.

Unapompigia, kuwa na haya mkononi: saa tatizo linapoanza na kuisha, ping za mahali patatu, matokeo ya `tracert -d 8.8.8.8` (amri inayoorodhesha vituo ambavyo data inapitia), na ikiwa ulipima kwa waya au Wi-Fi. Kwenye tracert, kituo kinachoonyesha nyota huku vinavyofuata vinajibu vizuri hakina kosa, kimekataa kujibu tu. Kabla ya kutuma picha ya skrini, futa jina lako la kuingilia na anwani za ndani za ofisi.